Kofia Niliyovaa Mpaka Lubumbashi

Muliniuliza, na bado munaniuliza: juu ya nini Baba Ukelo alishuka mu kamyo pale barabarani, hakusalimia mutu, hakuingia hata kwake kuweka mufuko, akaenda moja kwa moja mu makaburi na kopo mukononi? Wengine mulisema njia imeniharibu kichwa. Nilisikia. Mudzipela, mutaa wetu hapa Bunia, si kubwa.

Basi nimenunua kaye, daftari ya mutoto wa shule, na ninaandika mwenyewe. Nilisoma miaka mbili tu, kisha baba akanitoa nikafyatue matofali, na kwa matofali ile nimejenga nyumba ambamo wengine wenu munalala leo. Kama mustari unapinda, muunyooshe. Habari ya karatasi za ruhusa na tikiti siandiki, kila mutu anazijua ofisi zetu. Ninaandika njia, na kile nilichokuwa ninabeba.

Mudzipela, mbele ya kuondoka

Ukelo munamujua, yule mwenye kichwa kirefu kama cha mama yake. Alikuwa mwaka wa mwisho kule université ya Lubumbashi, mu filozofia. Mimi nilitaka awe enjenyeri wa barabara na madaraja. Nilimuambia wazi: filozofia haina musingi, haina ukuta, haina paa, utaikaa wapi? Mama yake akanijibu kwa niaba yake: "Weye unajenga nyumba ya watu kulala. Acha mutoto ajenge ya watu kuamuka." Nikarudi kwenye sahani. Si kwamba alinishinda, ni kwamba chakula kilikuwa moto.

Siku moja barua yake ikafika. Aliiandika kwa Kiswahili ili mama yake asikie, na katekista akatusomea. Ilisema wanafunzi wa filozofia wa inchi muzima watakutana Lubumbashi siku tatu, pamoja na maprofesa wengine kutoka Ulaya. Kila mwanafunzi aliyechaguliwa atasimama kusema kazi yake, na mwisho mumoja tu atapewa nafasi ya kwenda kuendelea na masomo kule Ulaya. Ukelo alikuwa wa kusema siku ya pili. Aliandika: "Baba na mama, mukiweza, mukuje munione."

Kisha kulikuwa na swali kwa mama yake. Tangu akiwa mudogo, mama yake akichambua samaki wa chumvi kwa kupeleka soko, alikuwa anamuuliza: "Ukelo, jina lako lilikuwa wapi mbele sijakuita?" Munajua kwetu Ukelo ni jina la mutoto anayefuata mapacha. Mapacha wetu walikufa mbele hawajatembea. Mutoto alikuwa anajibu: mu kinywa chako. Mu tumbo. Kwa babu. Mama anasema hapana, endelea kutafuta. Sasa kijana muzima aliandika: "Mama, kazi yangu yote nimeijenga juu ya swali lako. Nipe jibu."

Mama Ukelo alicheka mpaka akashika mulango. "Tutaenda wote wawili," akasema. "Jibu nitamupa mwenyewe, siku tutaonana."

Siku ile ile akaanza kukaanga simsim na karanga. Akasaga, akajaza kopo ya maziwa ya unga, akafunga kifuniko na kitambaa. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi tumbo likamushika. Jumapili tukamuzika. Mulikuwako.

Padri akaniita mu ofisi yake. Mule ndani kuna foni, ile redio ambayo mapadri wanasemea kutoka parokia mpaka parokia. Akaniambia: "Muzee, kesho saa nne asubuhi tunaongea na Lubumbashi. Mutoto atajua kesho."

Nikakataa. Nilisema kwa nguvu, mupishi wake alisikia. Kwetu kifo cha mama hakitumwi mu barua wala mu hewa. Mutu wa damu anakibeba, anafika, mwenye kufiwa anakula kwanza, kisha anaambiwa. Na njiani mubebaji hasemi kwa mutu yeyote, sababu habari ni ya mwenyewe, na ukiigawa njiani unamufikishia mabaki. Hiyo ni desturi. Lakini nitasema na ile ingine: sikutaka parokia zote za njiani zisikie muke wangu amekufa kama vile wanasikia sanduku la dawa limefika. Nikamukataza padri asitaje jina lake mu kile chombo. Akainamisha kichwa. "Kama unataka hivyo, muzee."

Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa kwa matanga, na matanga haiwezi kufungwa mpaka mutoto wa mwisho ajue. Kwa hiyo kila siku nane ilinipasa kunyoa tena. Na mutu akiona muzee kichwa cheupe hivyo, anajua mara moja. Ndiyo sababu nilivaa kofia. Mimi, ambaye munanijua: kofia ndani ya nyumba ya mutu, hata nyumba ya majani, ninatoa. Ukelo akiwa na miaka munane aliingia kwa jirani na kofia kichwani. Nilimupiga kofi moja, nikamurudisha inje, akaingia upya na kusalimia upya. Mupaka leo anaikumbuka.

Komanda na Luna: matope

Kamyo ilikuwa ya mufanyabiashara wa Butembo, na shoferi wake aliitwa Kambale, mutu mufupi mwenye sauti ya kuita ngombe. Nilikaa juu ya magunia ya maharagwe, kopo katikati ya magoti. Mbele ya Luna tukazama mu matope mpaka milango. Siku ine. Watu walichimba, walikata miti, wakaweka chini ya magurudumu, kamyo ikapanda kidogo ikarudi. Mama wa vijiji walitukujia na ndizi zilizochemshwa na sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi.

Kambale aliniuliza ninakwenda wapi na uzee wangu. Nikasema ninakwenda kumusalimia mutoto, yuko université. Nikamupa barua, akaisoma kwa sauti, watu wote wakasikiliza.

"Filozofia!" akasema. "Muzee, hiyo inatibu ugonjwa gani?"

"Haitibu."

"Inajenga nini?"

"Haijengi."

"Basi na Wazungu wanamuita kwao?" Akapiga paja. "Mutoto huyu ni mwerevu kupita siye wote. Watu! Tuko na baba wa profesa mu maharagwe!"

Wakaanza kupiga makofi, mama mumoja akapiga vigelegele. Wakaniletea ndizi ya kwanza, ile kubwa. Ilinipasa kucheka. Nilicheka na ndizi mu kinywa. Mama yule akaniuliza: "Na mama wa mutoto, hakuje?" Nikasema amebaki. Hapo ndipo nilianza kusema neno lile, amebaki, na nililisema kila mahali mpaka nikalichukia.

Nitawaambia na jambo lingine. Nilipoona kamyo imezama, nilifurahi kidogo moyoni. Nilifikiri: nikichelewa, Ukelo atakuwa amekwisha kusema kazi yake na kuchaguliwa, na njia ndiyo itakuwa imeamua, si mimi. Nikifika mbele ya siku yake, itanipasa kuchagua mwenyewe: kumuambia na kuvunja siku yake, ao kunyamaza na kumuiba mama yake siku moja zaidi.

Kambale aliitoa kamyo siku ya ine jioni, akacheza kwa furaha mu matope. Mimi peke yangu sikucheza.

Goma mpaka Bukavu: kidole cha askari

Baridi ya Lubero na ukungu wa Kanyabayonga sitaandika sana. Nilivaa koti mbili. Butembo walinipa viazi na maziwa yaliyoganda, chakula kizuri, na kinyozi wa pale akaninyoa bila kuuliza neno. Watu wa kule wanajua kunyamaza, ninawaheshimu.

Goma nikapanda meli ya ziwa. Tuliuziwa sambaza wa kukaanga mu karatasi, samaki wadogo kama kucha, unakula na macho yao. Mutu mumoja mwenye miwani alikaa karibu yangu. Aliangalia kopo yangu, akaangalia kofia yangu ambayo sikuitoa hata kwa jua, akaangalia kopo tena.

"Muzee anatoka wapi?"

"Bunia."

"Aah. Bunia." Akasogea. "Kule Kilo, kule Mongbwalu, kwenye machimbo, si ndiyo? Mimi ninajua kununua vizuri. Hatutaambia mutu."

"Kununua nini?"

"Muzee, usinifanye mutoto. Mutu wa Bunia, kopo imefungwa na kitambaa, haiachi hata akienda kukojoa."

Nilimuambia ni simsim. Akacheka. Nikamuambia tena ni simsim ya mutoto wangu, akakasirika, akaona ninamuzarau. Tuliposhuka Bukavu, nilimuona akisema na askari wa bandari mu sikio.

Askari akanivuta pembeni. "Fungua." Nikafungua. Harufu ikatoka, ile harufu ya nyumba yangu asubuhi. Askari akaingiza kidole mpaka mwisho, akazungusha, akitafuta zahabu. Akatoa kidole, akakilamba.

"Ni simsim," akasema kwa uzuni.

"Nilisema."

"Nani alisaga? Tamu kabisa."

"Muke wangu."

"Umusalimie," akasema, akanirudishia kopo.

Shimo la kidole chake lilibaki pale katikati. Mama Ukelo alikuwa amelainisha juu na kijiko, kama mimi ninavyolainisha sementi. Nilijaribu kuliziba, kisha nikaacha, niliona mukono wangu utaharibu zaidi.

Kalundu: mama mwenye wembe

Chini kule Uvira, bandari ya Kalundu, meli ya Kalemie haikuwa na mafuta. Wakasema kesho. Kesho ile ilikuwa siku tisa. Tulilala mu hangari ya mizigo, watu na kuku na masanduku, tukakula bugali na ndakala, samaki wadogo wakavu, kila siku, asubuhi ndakala, saa sita ndakala. Nilihesabu siku za barua na vidole. Zilikuwa zinaisha, na mimi nilikuwa ninangoja ziishe.

Pale kulikuwa na mama mumoja muuza vitenge, Mama Riziki, mukubwa wa mwili na wa maneno, aliyekwisha kunisomea barua. Siku yangu ya munane ya kunyoa ikafika na sikuwa na wembe. Nikamuomba.

"Wembe ya nini? Ndevu hauna."

"Unipe tu, mama."

Akanipa. Nikaenda nyuma ya hangari nikaanza kunyoa kwa maji ya ziwa, bila kioo. Nilipogeuka alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni.

"Muzee, unajikata. Leta." Akachukua wembe, akanikalisha juu ya jiwe, akanyoa kichwa changu chote, polepole, bila kusema. Alipomaliza akakipangusa na kitenge chake. "Ni mama ya ule mutoto wa barua?"

Sikujibu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Desturi sikuivunja.

"Na kule ukifika utamuambia lini?"

Nikavaa kofia.

"Mimi," akasema Mama Riziki, "bwana wangu alikufia Kigoma. Ndugu zake walijua, wakanificha miezi mitatu, juu nilikuwa na mimba. Walisema wananihurumia. Miezi mitatu ninamupikia mutu, ninamuwekea sahani, na wao wanaangalia. Mupaka leo sihesabu kile kifo, ninahesabu zile sahani." Akafunga wembe mu karatasi, akaniwekea mu mufuko wa koti. "Usimuibie machozi yake, baba."

Nikamuambia yeye ni muuza vitenge, mambo ya kwetu hayajui. Nilisema vibaya. Hakukasirika. Mafuta yalipofika, alinishikia mahali pazuri mu meli, kwenye kivuli, na njia muzima mpaka Kalemie hakurudilia neno lile.

Kabalo: gari-moshi

Gari-moshi ya Kalemie ilikwenda kama mutu anayetafuta kitu chini. Kabalo ikasimama siku tano, wakisema kichwa cha gari kimekwenda kusaidia gari ingine. Pale nilikaa na mwalimu muzee aliyekwisha kuacha kazi, mutu mwembamba mwenye tai, alikuwa ananunua muhogo wa kuchoma na kunigawia nusu kila siku, nusu sawasawa, anapima na jicho.

Alisoma barua, akaikunja kwa heshima.

"Unajua filozofia ni nini, muzee?"

"Wameisha kuniuliza toka Luna. Sema weye."

"Ni kuuliza kitu ambacho kila mutu anafikiri anakijua."

"Ile muke wangu anafanya kila siku," nikasema, na neno lilitoka hivyo, kama yuko nyumbani anachambua samaki. Nilisimama nikaenda kuangalia muto. Mwalimu alifikiri muhogo umeniuma tumbo. Akaniletea maji.

Kichwa cha gari kikarudi siku ya tano. Nikahesabu vidole. Nilikuwa ninaweza kufika asubuhi ya siku ya pili ya mukutano, siku yake yenyewe. Njia ilikataa kuamua.

Lubumbashi

Nilifika asubuhi, barabara pana, miti imepangwa kama askari, maua ya zambarau chini. Watu wa kule Kiswahili chao kinakimbia. Nilionyesha barua, wakanionyesha njia, nikatembea kwa miguu.

Nilimukuta inje ya nyumba ya wanafunzi, anapiga shati pasi ya makaa. Alikuwa amekonda. Aliniona, akaacha pasi juu ya shati, lingeungua lote, lakini rafiki yake aliiondoa.

"Baba!" Akanishika mikono yote miwili, akaangalia nyuma yangu. "Mama iko wapi?"

"Alibaki," nikasema. "Alikutumia hii."

Akafungua kitambaa pale pale, akanusa, akafunga macho. Kisha akaona shimo.

"Nani alikula mbele yangu?"

"Askari wa Bukavu."

Akacheka, ule uchekaji wa mama yake. Akachota na kidole upande mwingine, mbali na lile shimo, akala, akachota tena. Nikamuangalia anakula. Alikuwa amekwisha kula sasa. Desturi ilikuwa tayari, mutu yuko mbele yangu, kinywa chake kina chakula cha mama yake. Nikafungua kinywa.

"Baba," akasema, "tangu juzi miguu yangu inatetemeka. Sasa umekuja, imeacha."

Rafiki yake akaita: "Ukelo! Saa!"

Nikasema: "Twende, utachelewa."

Musifikiri ilikuwa huruma tu. Huruma ilikuwako. Lakini nilitaka pia kuona mutoto wa mufyatua matofali akisimama mbele ya watoto wa wakubwa na kuwapita. Nilitaka nione na macho yangu. Ndiyo ukweli, na ninauandika.

Chumba kilikuwa kikubwa, viti vinapanda kama ngazi. Kwenye mulango kijana mwenye karatasi akaniambia kwa adabu: "Muzee, kofia." Nikamuambia niko na kidonda kichwani. Akanipitisha. Nilikaa nyuma karibu na binti mumoja wa mwaka wa kwanza, na yeye akajitolea kunigeuzia Kifaransa mu sikio.

Wawili walisema mbele yake. Kisha Ukelo. Shati lake lilikuwa na alama ya pasi kwenye mugongo, ndogo, na yeye hakujua. Hakusoma karatasi, alisema. Watu wakacheka, lakini vizuri, wanacheka wakiinama mbele kusikia zaidi.

"Anasema nini?"

"Anasema mwalimu wake wa kwanza wa filozofia anauza samaki wa chumvi soko ya Bunia," binti akanong'ona. "Ni mama yake. Anasema mama anamuuliza jina lake lilikuwa wapi mbele hajaitwa. Anasema jina lake lilikuwa linamungoja kwa watoto wawili waliokufa. Kwamba siye tunaingia mu inchi kwa mulango ambao wengine walitokea." Akafuta jicho. "Baba, mama yake iko anaishi vizuri? Ningependa kumuona."

Nikavuta kofia chini.

Walipopiga makofi, profesa mumoja Mzungu, muzee kama mimi, akauliza. Binti akanigeuzia: mama mwenyewe anatoa jibu gani? Ukelo akatabasamu, akanitafuta na macho mule juu, akasema kwa Kiswahili mbele ya wote: "Nilimutumia swali kwa barua. Baba amefika leo asubuhi na jibu. Baba, simama, uwaambie."

Nikasimama. Watu wote wakageuka. Mwenye kuongoza mukutano akasema polepole: "Muzee, tunaomba kofia, tafazali."

Nikaishika na mukono. Nyuma mutu akasema: "Muache, ni baridi ya Ituri!" Wakacheka.

"Baba," Ukelo akasema, na uso wake ulikuwa na haya kidogo, "kofia."

"Hapana," nikasema.

Nikasema kwa sauti, sababu ndicho alichosema na sikuwa na kingine: "Mama yako alisema jibu atakupa mwenyewe, siku mutaonana."

Binti akakigeuza kwa Kifaransa, na chumba kizima kikapiga makofi. Jibu lilikuwa zuri, waliona. Profesa yule muzee alicheka na kutikisa kichwa. Ukelo peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia kofia. Alimujua baba yake. Alijua lile kofi la miaka munane. Nilimuona akitafuta kitu gani kinaweza kumufanya muzee huyu asitoe kofia mbele ya wakubwa, na nilimuona akikipata.

Akamugeukia profesa, akasema maneno machache, sauti haikubadilika.

"Anasema jibu liko mbali kuliko alivyofikiri," binti akanigeuzia, "na ataendelea kutafuta."

Akakusanya karatasi. Moja ikaanguka, hakuiokota. Akapanda zile ngazi mpaka kiti changu, akanitoa kofia mwenyewe, na mikono miwili, kama unatoa chungu kwenye moto. Akaangalia kichwa changu. Kisha akakaa karibu yangu, kofia juu ya magoti yake. Mwanafunzi mwingine alikuwa amekwisha kuanza kusema, na si adabu kutoka wakati mutu anasema. Tukakaa mpaka akamaliza. Alisema sana yule.

Inje, chini ya ukuta, aliniuliza: "Siku gani?"

"Jumapili."

"Jumapili gani, Baba?"

Nikamuambia. Akahesabu. "Wiki saba," akasema. "Wiki saba ninaandika juu yake, ninasema mama anafanya hivi, mama anauliza hivi."

"Nilitaka nikuambie mwenyewe, namna ya kwetu."

"Mapadri wa hapa wako na foni," akasema. "Saa nne asubuhi wanaongea na Bunia. Kila siku. Na unajua nani anaandika maneno mu kaye? Ni mimi. Wananipa chakula juu ya kazi hiyo. Wiki saba nimesikiliza Bunia. Niliandika na mukono wangu: sanduku la dawa limefika salama."

Hapo nilikaa chini. Yeye alibaki amesimama.

Siku ya tatu wakaita jina la mwenye kwenda Ulaya. Ni yeye. Alisimama na kichwa kimenyolewa, rafiki yake alimunyoa kwa wembe wa Mama Riziki, na watu hawakujua wapige makofi ama wanyamaze. Ndege ilikuwa mu siku kumi na mbili. Bunia kwa njia yangu ni mwezi muzima, kwenda tu. Kwenda kwenye kaburi na kwenda Ulaya, vyote viwili havikuwezekana.

"Nenda," nikamuambia.

"Sikukuuliza weye, Baba," akasema. Hakulia akisema vile. Alisema kama mutu anapima ukuta na kuona umepinda.

Alikwenda kukaa peke yake siku muzima. Aliporudi alisema atapanda ndege. Simsim aliimaliza kwa siku tatu, bila kumugawia mutu, na kopo hakuiosha. Aliweka ndani nywele zake zote, zile zilizonyolewa, akafunga kifuniko na kitambaa kile kile.

"Miguu yangu haifiki kwa mama," akasema. "Weye unipeleke."

Kurudi

Njia ni ile ile, sitaiandika. Bukavu nikamukuta askari yule yule. Akanikumbuka, akafurahi. "Muzee wa simsim! Leta." Akafungua mbele sijamukataza, kidole tayari. Akaruka nyuma kama ameona nyoka.

"Uchawi!"

"Ni nywele za mutoto wangu. Ninazipeleka kwa mama yake."

Akaangalia kichwa changu, sababu kofia sikuwa nayo tena, ilibaki Lubumbashi juu ya kitanda cha Ukelo. Akafunga kopo mwenyewe, akakaza kitambaa, akaipangusa na mukono wa shati. Hakusema nimusalimie mutu.

Sasa munajua. Nilishuka mu kamyo nikaenda makaburini sababu kwetu mutoto hapitii kwa jirani mbele hajamusalimia mama yake. Nilichimba na mikono upande wa kichwa, nikaweka kopo, nikafunika. Nikasema: "Mama Ukelo, Ukelo huyu hapa. Ulisema siku mutaonana." Nikangoja kidogo. Kisha nikaita jina lake, la mutoto, mara moja, kwa sauti, asikie kwamba ni yeye.

Nilipotoka kule katekista alinikuta kwenye njia. Akaniambia padri ananitafuta tangu wiki mbili. Habari iliingia kwa foni: Ukelo amefika Ulaya salama. Mimi nilikuwa bado Kabalo, ninangoja kichwa cha gari.

Kesho yake nilikwenda parokiani, saa nne. Padri akaniambia habari imekwisha kupita, hakuna mupya. Nikamuomba aniache nisikilize tu, kama Ukelo alivyokuwa anasikiliza. Nikasimama pale mulangoni, kichwa wazi, nikasikia sauti za watu wa mbali wakisema dawa, sementi, mutu fulani mugonjwa, mutu fulani amepona. Kisha padri akaifunga, nikarudi kwangu.